Echoes ya Pink Floyd: mkusanyiko wa vibao unaopaswa kusikilizwa kama albamu

Swali: Shikamoo mwalimu. Kaka yangu amerudi kutoka ughaibuni akaniletea diski mbili za Echoes, mkusanyiko wa vibao vya bendi ya Pink Floyd. Kabla ya hapo nilikuwa nikiufahamu wimbo wao mmoja tu, ule wenye watoto wa shule. Nimezisikiliza diski zote mbili na nimebaki na maswali. Nyimbo hazifuati miaka, zinaingiliana bila kituo, na rafiki yangu mmoja ananiambia kuwa hata wimbo uliobeba jina la mkusanyiko umekatwa. Je, mkusanyiko huu unatosha kuijua bendi, au nimeletewa makapi na inanibidi nitafute albamu zenyewe?

Jibu: Marahaba. Hukuletewa makapi hata kidogo, na kaka yako amekuchagulia vizuri. Hata hivyo, rafiki yako naye amesema kweli, kwa hiyo nitakueleza ulichopata, kilichopunguzwa, na namna ya kukisikiliza ili usipoteze kile ambacho watengenezaji wa mkusanyiko huu walikihangaikia.

Kwanza uelewe ugumu waliokuwa nao. Bendi nyingi za roki hutoa albamu ambayo ni nyimbo kumi au kumi na mbili zilizowekwa pamoja, kila moja ikijitegemea, na ukitaka kutengeneza mkusanyiko wa vibao unachukua zilizopendwa zaidi, unazipanga, na kazi imekwisha. Pink Floyd, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, hawakufanya kazi hivyo. Albamu zao zinafanana zaidi na utenzi wetu, ambamo kina cha mwisho cha kila ubeti, ile bahari, hupita kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho na kuushika utenzi wote. Ukinyofoa ubeti mmoja bado utakuwa na maneno mazuri, lakini bahari haitasikika tena, kwa sababu bahari husikika kwa kurudiarudia. The Dark Side of the Moon ya mwaka 1973 inaanza na mapigo ya moyo na kumalizika nayo, na katikati sauti za saa, za mashine ya kuhesabia fedha na za watu wanaozungumza zinavuka kutoka wimbo hadi wimbo. Unakata wapi?

Walikwisha kujaribu kukata, tena zaidi ya mara moja. Relics ya mwaka 1971 ilikusanya singo na nyimbo za miaka ya mwanzo. Mwaka 1981 ikatoka A Collection of Great Dance Songs, yenye nyimbo sita tu, na humo wimbo wa Money haukuwa ule wa asili, wa The Dark Side of the Moon. Haki za rekodi za mwaka 1973 huko Marekani zilikuwa mikononi mwa kampuni nyingine, ambayo haikukubali kuutoa, hivyo David Gilmour, mpiga gitaa wa bendi, akaurekodi upya, akipiga karibu ala zote mwenyewe. Ni mkusanyiko unaosikika kama mabaki ya karamu, na simshauri mtu anayeanza aushike.

Echoes ilitoka Novemba 2001 kwa njia nyingine kabisa. Mhandisi wa sauti James Guthrie, ambaye alikuwa akifanya kazi na bendi hiyo tangu albamu ya The Wall ya mwaka 1979, alizichukua nyimbo 26, kumi na tatu kwa kila diski, akaziunganisha moja hadi nyingine, mwisho wa huu ukiyeyukia katika mwanzo wa ule, kana kwamba zilirekodiwa ili zikae hivyo. Ndiyo maana unasikia zinaingiliana bila kituo. Guthrie hakuwa na namna ya kurudisha bahari za zamani, kwa kuwa albamu zilizozizaa zilikuwa zimevunjwa, kwa hiyo alitunga bahari mpya. Miaka mingi nimefanya kazi ya kuhariri sauti redioni, tangu enzi za kukata kanda kwa wembe na kuiunga kwa utepe, na naweza kukuhakikishia kwamba kuunga rekodi ya mwaka 1967 na ya mwaka 1979 bila msikilizaji kushtuka ni kazi ya mkono mtulivu sana. Uzito wa besi hutofautiana, mwangwi wa chumba hutofautiana, hata ule mvumo hafifu wa kanda yenyewe hutofautiana. Sikiliza mwanzo wa diski ya kwanza, pale Astronomy Domine na See Emily Play za mwaka 1967 zinapoiachia nafasi The Happiest Days of Our Lives ya mwaka 1979. Miaka kumi na miwili inapita na sikio halijikwai.

Kuhusu nyimbo kutofuata miaka, hapo ndipo penye utajiri wa mkusanyiko huu, na ndipo ningependa ukae zaidi. Lakini ili uuone, yakupasa ujue kisa cha bendi kwa ufupi.

Pink Floyd ilianzishwa jijini London mwaka 1965. Roger Waters, Nick Mason na Richard Wright walikuwa wanafunzi wa usanifu majengo, na Syd Barrett alikuwa mwanafunzi wa sanaa za uchoraji aliyetoka mji mmoja na Waters, yaani Cambridge. Jina la bendi lilitoka kwake Barrett, aliyeunganisha majina ya wanamuziki wawili wa bluzi wa Marekani, Pink Anderson na Floyd Council. Yeye ndiye aliyekuwa mtunzi mkuu, mwimbaji na mpiga gitaa, na sauti yao ya wakati huo ndiyo iliyoitwa roki ya saikedeliki. Gitaa liliburuzwa na kupitishwa katika mashine za mwangwi, kinanda kilivuma kama upepo, na taa za rangi zilimwagwa juu ya wanamuziki katika klabu ya UFO mpaka sura zao zisionekane. Albamu yao ya kwanza, The Piper at the Gates of Dawn, ilirekodiwa mwaka 1967 katika studio za Abbey Road, majira yaleyale ambapo The Beatles walikuwa wakirekodi katika jengo hilohilo. Kabla mwaka huo haujakwisha, akili ya Barrett ilikuwa imeanza kuyumba, huku akitumia dawa ya LSD kwa wingi. Akawa anasimama jukwaani bila kupiga chochote. Wenzake wakamwingiza David Gilmour, naye wa Cambridge, awasaidie, na kufikia Aprili 1968 Barrett alikuwa ametoka.

Waliobaki waliendelea kwa karibu miaka ishirini na saba zaidi, wakapata umaarufu ambao Barrett hakuuonja akiwa nao, lakini hawakuacha kumwimba. Mwaka 1975, walipokuwa Abbey Road wakiishughulikia Shine On You Crazy Diamond, utungo mrefu unaomhusu yeye, aliingia studioni mtu mnene, amenyoa kichwa na nyusi, akatembeatembea humo, na ilichukua muda kabla hawajamtambua kuwa ndiye. Baadhi yao walitokwa na machozi.

Sasa chukua diski ya pili na uanze wimbo wa tisa. Huo ni Arnold Layne, singo ya kwanza ya bendi, ya Machi 1967, na anayeimba ni Barrett akiwa na umri wa miaka ishirini na moja, akisimulia juu ya mtu mwenye tabia ya kuiba nguo za kike kwenye kamba za kuanikia. Unaofuata ni Wish You Were Here ya mwaka 1975, ambamo Gilmour anaimba maneno ya Waters, na mtu aliyepotea anatamaniwa arudi. Halafu, baada ya wimbo huo wa kutamani, Barrett anarudi kweli: unaingia Jugband Blues, wimbo wa mwisho aliotunga na kurekodi na bendi kabla ya kuondoka. Humo anawashukuru watu, kwa adabu inayochoma, kwa kumfahamisha kwamba yeye hayupo. Wimbo wa katikati unamwita mtu, na wa upande huu na ule ni sauti ya mtu huyohuyo, kwanza akiwa mzima na mcheshi, kisha akiwa anaaga. Kama nyimbo zingepangwa kwa miaka, zingekaa mbalimbali na mazungumzo haya yasingesikika. Mimi niliposikia mpangilio huo kwa mara ya kwanza nilirudisha diski nyuma na kusikiliza tena nyimbo zote tatu, na hadi leo siwezi kuusikiliza Wish You Were Here bila kuingojea sauti ya Barrett ijibu.

Upo mpangilio wa namna hiyo mapema zaidi katika diski hiyohiyo. Nyimbo za tatu, nne na tano ni The Fletcher Memorial Home, Comfortably Numb na When the Tigers Broke Free. Baba yake Roger Waters, Eric Fletcher Waters, aliuawa huko Anzio, Italia, mwaka 1944 katika Vita Kuu ya Pili, mwanawe akiwa bado mtoto mchanga. Wimbo wa kwanza kati ya hizo tatu umebeba jina la baba huyo na umejaa hasira juu ya watawala wanaopeleka watu vitani, na wa tatu unasimulia kifo chenyewe. Katikati, katika Comfortably Numb, amewekwa yule msanii anayesimuliwa katika albamu ya The Wall, aliyekufa ganzi moyoni, anayechomwa sindano na daktari ili aweze kupanda jukwaani. Katika The Wall, mtu huyo anajulikana kuwa ni yatima wa vita. Hapa huelezwi jambo hilo kwa maneno, bali umewekewa huku na huku sababu ya ganzi yake. Zaidi ya hayo, When the Tigers Broke Free ulitumika katika filamu ya The Wall na ukatolewa kama singo mwaka 1982, na ulikuwa haujawahi kuwekwa katika albamu yoyote ya bendi hadi Echoes ilipotoka. Kwa hiyo hata msikilizaji mwenye albamu zote wakati huo alipata kitu kipya.

Mwisho wa diski nao usiuruke. High Hopes, wimbo unaofunga The Division Bell ya mwaka 1994, ni wa mtu mzima anayekumbuka utoto wake Cambridge, na kengele inalia tangu mwanzo. Badala ya kuufanya ndio kituo cha mwisho, kama ambavyo wengi wangefanya, wakaweka baada yake Bike ya mwaka 1967, ambamo kijana Barrett wa Cambridge anajisifia baiskeli yake, joho lake na panya wake. Mzee anakumbuka, kisha anayekumbukwa anatokea na baiskeli yake.

Nyimbo tano kati ya 26 ni za Barrett, ingawa alikaa na bendi kwa muda mfupi sana ukilinganisha na wenzake. Nadhani ni haki. Tena hazikutupwa mwanzoni kama kumbukumbu za kale, bali zimetandazwa kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa ishirini na sita. Kumbuka pia kwamba Waters alijitoa mwaka 1985 na akashindana na wenzake kisheria juu ya jina la bendi, na mwaka 2001 alikuwa bado hakai nao meza moja. Licha ya hayo, yeye, Gilmour, Mason na Wright wote walishirikishwa kuchagua nyimbo. Ndiyo sababu utazikuta nyimbo za wakati wa Waters akitawala, kama Sheep ya mwaka 1977, zikifuatana bila ugomvi na Sorrow ya mwaka 1987, iliyorekodiwa baada ya yeye kuondoka. Ilibidi wangoje hadi Julai 2005, katika tamasha la Live 8 jijini London, ndipo wote wanne wasimame jukwaa moja tena.

Sasa nije kwa rafiki yako. Ndiyo, wimbo wa Echoes umekatwa. Katika albamu ya Meddle ya mwaka 1971 unachukua upande mzima wa santuri, dakika 23 na nusu. Katika mkusanyiko wako una dakika 16 na nusu. Sababu ni ya kawaida kabisa: diski moja haibebi zaidi ya dakika 80 hivi, na diski zako zote mbili zimejaa karibu hadi ukingoni. Palipokuwa na dakika saba za Echoes sasa pana wimbo mwingine. Maungio yenyewe yamefanywa kwa ustadi kiasi kwamba asiyeujua wimbo wa asili hatayasikia.

Lakini kitu kimepotea, na nisingependa ukikose. Wimbo huo unaanza na noti moja ya kinanda cha Wright, iliyopitishwa katika spika inayozunguka, ikadondoka kama tone la maji kisimani. Inadondoka tena, na tena, na ala nyingine zinaikaribia bila haraka. Kuimba kwenyewe kunachukua muda mfupi tu. Baada ya beti za mwanzo zinapita zaidi ya dakika kumi ambazo ndani yake hakuna anayeimba. Bendi inashuka katika mdundo mzito, kisha mdundo unakufa na unabaki upepo, milio ya kunguru na vilio vya ajabu ambavyo Gilmour alivipata kwa kuunganisha pedali ya gitaa kinyume, kebo ya kuingilia ikiwa mahali pa kutokea. Halafu ile noti moja inarudi kutoka gizani. Msikilizaji wa taarabu asilia, aliyezoea kukaa na bashrafu kabla mwimbaji hajafungua kinywa, anajua kwamba kungoja ni sehemu ya muziki. Ukipunguza kungoja, kurudi kwa noti hiyo kunakuwa kuzuri tu, ilhali katika Meddle kunakuwa ni kuokolewa.

Shine On You Crazy Diamond nao umeguswa, kwa namna tofauti. Katika albamu ya Wish You Were Here umegawanywa mara mbili: sehemu ya 1 hadi ya 5 inafungua albamu, na ya 6 hadi ya 9 inaifunga, nyimbo nyingine tatu zikiwa katikati. Kwako sehemu ya 1 hadi ya 7 zimeunganishwa kuwa kipande kimoja, na mbili za mwisho zimeachwa. Kusema kweli napenda kuusikia ukiwa umeungwa hivyo, kwa sababu waliutunga kama kitu kimoja kabla ya kuugawa. Kilichopotea ni ule mviringo wa albamu, yaani kuondoka kwa Barrett, kupita katika ukali wa biashara ya muziki, na kumrudia. Marooned umepungua zaidi ya nusu, ukabaki dakika mbili hivi, na hapo umekuwa daraja tu la kukuvusha kutoka Hey You kwenda The Great Gig in the Sky.

Upungufu mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, hauko katika kukatwa kwa nyimbo. Albamu nne hazikutoa hata wimbo mmoja: More na Ummagumma za mwaka 1969, Atom Heart Mother ya mwaka 1970, na Obscured by Clouds ya mwaka 1972. Upande mwingine, The Dark Side of the Moon na The Wall zimetoa nyimbo nne kila moja. Kwa hiyo mkusanyiko unakuonyesha bendi ya Barrett, kisha unakurusha hadi mwaka 1971 ikiwa imekwisha kukomaa, na huioni miaka ile waliyokuwa wakipapasa njia bila kiongozi, wakitunga muziki wa filamu na kujaribu kupiga na kundi zima la matarumbeta na kwaya. Mtu akisikiliza Echoes peke yake anaweza kudhani walijua walikokwenda.

Juu ya ule wimbo wa watoto wa shule uliokuwa ukiufahamu, Another Brick in the Wall, sehemu ya pili, niongeze neno moja. Watoto hao walikuwa wanafunzi wa shule ya Islington Green, London, na sauti zao ziliwekwa juu ya zenyewe mara nyingi hadi zikasikika kama umati. Mwaka 1980 wanafunzi weusi wa Afrika Kusini, waliokuwa wamesusia masomo kupinga elimu duni waliyopewa na utawala wa kibaguzi, waliufanya wimbo wao, na serikali ya makaburu ikaupiga marufuku. Mkusanyiko umefanya jambo jema kuutanguliza na The Happiest Days of Our Lives, kama ulivyo katika The Wall. Redioni utangulizi huo mara nyingi hukatwa, na ile helikopta na sauti ya mwalimu mkali hazisikiki.

Basi ufanye hivi. Sikiliza kila diski kwa mfululizo, siku tofauti, kwa spika nzuri au visikizi vinavyofunika masikio, kwa kuwa maungio mengi yamo katika sauti hafifu ambazo spika ya simu haizitoi. Ukizihamishia kwenye simu au flashi ya gari, hakikisha programu unayotumia haiweki kimya kati ya wimbo na wimbo, na uzime kabisa ile sehemu ya kuchanganya nyimbo ovyo. Ukiiwasha, utakuwa umebomoa kazi yote ya Guthrie kwa kubonyeza mara moja.

Ukishazizoea, tafuta Meddle kwanza, hata kabla ya The Dark Side of the Moon ambayo kila mtu atakuhimiza uanze nayo. Uchague usiku ambao huna haraka, uanzie upande wa pili wa santuri, yaani wimbo wa sita, usubiri ile noti ya Wright idondoke, na usiangalie saa mpaka upepo na kunguru wapite na noti hiyo irudi tena. Wish You Were Here iwe ya pili, nzima, tangu mwanzo hadi sehemu ya 9.